Mguu wa Injini ya Boti: Mali ya Chama Isiyoonekana

Maneno ya mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Misunkumilo, Mpanda



Nimeombwa kuzungumza juu ya utunzaji wa injini za boti, nami natambua kwamba wamo humu wanaojiuliza kwa nini mambo ya ziwani yaletwe Misunkumilo, mahali ambapo Ziwa Tanganyika liko safari ya zaidi ya kilomita mia moja. Jibu langu ni fupi. Ndugu zetu wa Karema na Ikola wakikwama, hupanda kuja Mpanda mjini kutafuta kipuri, na aghalabu huja wakiwa wamekwisha kuchelewa. Tena gia zilizomo ndani ya injini ya boti hazina tofauti kubwa na gia za trekta la chama cha tumbaku. Katibu wa chama cha wakulima asiondoke.

Sitazungumza juu ya injini nzima. Nitazungumza juu ya sehemu ya chini tu, ile ambayo mafundi huiita mguu. Kichwa cha injini hupata heshima yote kwa sababu ndicho kinachonguruma. Plagi ikichafuka, injini hukataa kuwaka na kila mtu hujua. Mguu haupigi kelele. Unakaa ndani ya maji, unafanya kazi gizani, na siku unapolalamika, kwa kawaida umekwisha kufa.

Katika mguu huo, shafti ndefu inayoshuka wima kutoka kwenye injini hukutana na shafti iliyolala ya rafadha, ambayo wavuvi huiita propela. Gia ndogo iliyo mwisho wa shafti ya wima huzungusha gia mbili kubwa zaidi, moja ya kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma, na kipande cha chuma kilicho katikati yao huteleza huku na huku kukamata ile inayotakiwa. Vyote hivyo huoga ndani ya oili ambayo, kwa injini ya nguvu za farasi 15 hadi 40, haifiki hata nusu lita. Nje ya kibweta hicho kuna ziwa lenye kina cha mita 1,470 pale lilipo refu zaidi. Kinachotenganisha nusu lita ya oili na ziwa zima ni pete chache za mpira ziitwazo sili. Bei ya pete hizo haizidi bei ya kilo chache za dagaa wakavu, na gia moja wanayoilinda hugharimu mara nyingi zaidi. Hilo ndilo jambo zima nililokuja kulieleza. Yaliyobaki ni namna ya kulitenda.

Nazungumza hasa juu ya injini kuukuu, kwa kuwa hizo ndizo zilizo nyingi. Injini mpya ya Yamaha ina wakala, na vipuri vyake hupatikana. Lakini ziko Johnson na Evinrude zilizonunuliwa miaka mingi iliyopita, na ziko Seagull za Uingereza ambazo huonekana bado huku na huku kwenye pwani na maziwa ya Afrika Mashariki. Kampuni ya Marekani iliyotengeneza Johnson na Evinrude ilifilisika mwezi Desemba mwaka 2000. Majina hayo yakachukuliwa na kampuni ya Kanada, nayo ikaacha kutengeneza Evinrude mwaka 2020. Seagull zilikoma kutengenezwa katika miaka ya 1990. Maana yake ni kwamba gia iliyomo ndani ya injini ya namna hiyo ni mali ambayo kiwanda chake hakipo. Vipuri vingine bado vinauzwa na wafanyabiashara wa akiba, lakini kuviagiza huchukua muda, na wakati huo boti limelala. Chama chenye injini kuukuu hakina budi kuutunza mguu wake zaidi kuliko chama chenye injini mpya, wala si kinyume chake kama wengi wanavyodhani wanaposema, "Hii imeshazeeka, tuitumie mpaka iishe."

Sasa natoka kwenye maelezo, naja kwenye kazi.

Kazi ya kwanza ni kutazama oili, na kazi hii hata katibu asiyejua kushika spana anaweza kuisimamia. Injini iachwe imesimama wima usiku kucha bila kuguswa. Asubuhi chombo safi kiwekwe chini, na skrubu ya chini ya mguu ilegezwe polepole. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yameingia yatakuwa yamejitenga chini, nayo yatatoka kwanza. Baada ya hapo skrubu ya juu ifunguliwe ili hewa iingie, na oili yote imwagike. Sasa itazameni. Oili iliyo ya rangi ya kahawia au ya asali, inayoteleza kati ya vidole, ni oili nzima. Oili nyeupe kama chai ya maziwa imechanganyika na maji. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inaeleza kwamba mguu umefanya kazi kwa joto kubwa, ama kwa kuwa oili ilipungua, ama kwa kuwa haikubadilishwa. Skrubu nyingi zina sumaku kwenye ncha. Vumbi laini la chuma juu ya sumaku hiyo, mfano wa unga wa penseli, ni uchakavu wa kawaida. Kipande kinachoweza kushikwa kwa kucha ni jino la gia lililovunjika, na hapo injini isirudi majini mpaka mguu ufunguliwe.

Nitaje jambo moja mapema ili fundi wa Seagull asije akanibishia mlangoni. Seagull za zamani zilitengenezwa zikiwa na ulinzi hafifu dhidi ya maji, na kiwanda chenyewe kiliagiza oili nzito ya SAE 140 kwa sababu hiyo. Oili yake kugeuka nyeupe kidogo ni desturi ya injini hiyo. Dawa yake ni kuibadilisha mara kwa mara. Lakini kisingizio hicho ni cha Seagull peke yake. Nimewahi kuambiwa juu ya Yamaha kwamba "oili ya boti ndivyo ilivyo," na huo si ukweli.

Wakati wa kurudisha oili, ijazwe kutoka chini kwenda juu. Wengi humimina kutoka tundu la juu kwa faneli, wakaona imefurika, wakafunga. Hewa hunaswa ndani, na mguu huondoka ukiwa na nusu ya oili yake. Ncha ya chupa au ya pampu iingizwe katika tundu la chini, oili isukumwe taratibu mpaka itoke tundu la juu bila povu. Kisha skrubu ya juu ifungwe kwanza, ndipo ncha itolewe chini na skrubu ya chini ifungwe upesi. Skrubu ya juu ikiwa imefungwa, oili haikimbii. Na kila skrubu ina kigasketi chake chembamba; kigasketi kilichobanwa mara kadhaa hakizibi tena. Nimeona mguu mzima umeharibika kwa maji yaliyopita penye kigasketi, huku sili zake zote zikiwa nzima.

Oili gani? Yamaha huagiza oili ya gia ya SAE 90 ya aina ya haipoidi, ibadilishwe baada ya saa 10 za kwanza za injini mpya, na baadaye kila saa 100 au kila miezi sita. Ipo pia oili ya gia iliyotengenezwa kwa ajili ya boti, yenye kustahimili maji kidogo, nayo ni bora zaidi kwa injini kuukuu. Oili ya injini ya gari haifai, maana haiwezi mgandamizo wa meno ya gia. Oili ya kuchanganya na petroli haifai kabisa. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye lori, ambayo wengine huitia kwa nia ya kuokoa fedha, ni sumu. Katibu anapoidhinisha malipo ya "oili lita 5" bila kuuliza ni oili gani, amekwisha kuruhusu hasara.

Nije kwenye adui mkubwa wa sili, ambaye si mwamba wala mchanga. Ni uzi wa nailoni.

Nilipokagua vitabu vya chama kimoja cha mwambao wa ziwa, ambacho sitakitaja, nilikuta malipo matatu ya matengenezo ya mguu wa injini moja katika muda usiofika mwaka mmoja na nusu. Kila mara beringi zilibadilishwa, mara moja na gia pia. Risiti zilikuwapo, sahihi zilikuwapo, na kamati ilikuwa imeridhia. Kwa vitabu, hapakuwa na kosa. Niliomba nionyeshwe injini yenyewe, na kwa kuwa rafadha haikuwa imetolewa kwa muda mrefu, tukaitoa. Nyuma yake, pale shafti inapotokeza kwenye kibweta, palikuwa na uzi wa wavu uliojizungusha na kukazika mpaka umekuwa kama pete ngumu, umeyeyuka kwa joto na kuingia chini ya mdomo wa sili. Fundi alikuwa akibadilisha kilichoharibika, na uzi ukiachwa mahali pake, au mwingine ukija, uliendelea kukata sili mpya. Hakuna aliyeiba hata senti. Lakini fedha za wanachama zilikwenda mara tatu kwa sababu ya uzi usio na bei.

Kwa hiyo nasema: rafadha itolewe kila mwezi. Kwa wavuvi wa dagaa na migebuka wakati wake unajulikana bila kalenda. Kazi yao ni ya taa, na taa haivuti samaki vizuri wakati wa mbalamwezi. Siku hizo boti nyingi hupumzika. Basi siku ya kwanza ya mbalamwezi iwe siku ya kutoa rafadha, kufuta shafti, kutoa uzi kwa kisu bila kukwaruza chuma, kutia grisi isiyoyeyuka kwa maji, na kurudisha. Kazi hiyo haizidi nusu saa. Mwaka 2024, Serikali iliposimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, vyama vilipata miezi mitatu mizima ambayo mguu ungeweza kufunguliwa wote bila kupoteza usiku hata mmoja wa uvuvi. Kipindi cha namna hiyo kikiwapo, kamati isikione kuwa ni likizo ya injini.

Maana injini iliyolala hudhurika kuliko inayofanya kazi. Hili huwashangaza watu. Mguu ulioingiwa na maji kidogo unaweza kwenda majuma kadhaa, kwa kuwa gia zinapozunguka huirusha oili kila mahali na kila chuma hupakwa. Boti likilala, maji hushuka na kutulia juu ya beringi za chini, na kutu huanza. Siku ya kurudi ziwani, beringi yenye kutu husaga shafti yake, na kibweta huanza kulia. Ndiyo sababu oili hubadilishwa mwanzoni mwa mapumziko, wala si mwishoni.

Anayetaka ushahidi wa nguvu ya grisi dhidi ya maji, ziwa letu wenyewe limetoa. Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani walipokuwa wakiondoka Kigoma waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wahandisi wake walizipaka injini grisi nyingi, wakitumaini kwamba siku moja itaibuliwa. Waingereza waliiibua mwaka 1924, baada ya miaka minane chini ya maji, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Vizazi vya watu wa Karema na Ikola wamesafiri kwa meli hiyo. Nasi tunashindwa kumaliza mapumziko ya miezi mitatu bila kutu!

Turudi kwenye mguu. Oili ikionekana nyeupe, fundi asibahatishe ni sili ipi. Ziko sili nyuma ya rafadha, mara nyingi mbili zilizopeana mgongo, moja ikizuia maji yasiingie na nyingine ikizuia oili isitoke. Iko juu penye shafti ya wima chini ya pampu. Na iko penye chuma cha kubadilishia gia, ambayo husahauliwa na wengi. Mguu uliomwagwa oili uunganishwe na pampu ndogo ya mkono yenye geji, utiwe hewa ya paundi zisizozidi 10 kwa inchi ya mraba, kisha uzamishwe ndani ya pipa la maji. Mapovu yataonyesha mahali. Hewa nyingi kuliko hiyo huweza kuziharibu sili zenyewe, kwa hiyo kompresa ya gereji ya matairi isikaribishwe. Na sili mpya ikitiwa juu ya shafti yenye mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, haitazuia kitu. Shafti ipimwe kwa ukucha kwanza.

Katika injini nyingi za zamani rafadha hukamatwa na pini ndogo inayopita katika shafti. Pini hiyo imekusudiwa ivunjike. Rafadha ikigonga jiwe, pini hukatika na gia hupona. Sasa mvuvi aliye mbali na pwani, pini ikikatika, hukata msumari au kipande cha chuma cha pua na kukipachika. Simlaumu kwa usiku ule, maana kati ya mwezi Mei na Septemba upepo wa kusi wa ziwa lile haumsubiri mtu atafute pini dukani. Lakini msumari ule hubaki mahali pake mwaka mzima, na jiwe linalofuata linavunja meno ya gia. Chama kinunue pini kumi za kipimo sahihi, nne zifungwe kwa mkanda kwenye mpini wa injini pamoja na koleo, na zilizobaki zikae kwa mtunza ghala. Hapo hapatakuwa na sababu ya msumari.

Juu ya pampu ya maji nitapita upesi. Ndani yake mna impela, gurudumu dogo la mpira linalovuta maji ya kupoza injini. Injini ikiwashwa nchi kavu, hata kwa kujaribu tu, impela huungua kwa muda mfupi sana. Basi ijaribiwe ndani ya pipa. Mchanga wa ufukweni huila pia, kwa hiyo mguu uinuliwe kabla boti halijagusa mchanga. Mpira wake huwa mgumu hata ukikaa dukani, na impela iliyolala rafuni miaka mingi si mpya ingawa haijatumika. Ibadilishwe kila mwaka, wakati ule ule wa kufungua mguu. Wakati wa kuutoa mguu wa Johnson na Evinrude nyingi, kiungio cha chuma cha gia hufunguliwa kwanza kupitia kidirisha kidogo. Asiyelijua hilo huvuta kwa nguvu mpaka akapinda chuma. Na wakati wa kurudisha, grisi ipakwe ubavuni mwa meno ya shafti ya wima, isipakwe juu kwenye ncha yake, maana grisi iliyonaswa pale huizuia shafti isikae vizuri. Bolti nazo zitiwe grisi. Bolti kavu ya chuma cha pua ndani ya alumini itakatika siku ya kufunguliwa.

Sasa ni zamu ya makatibu. Katika vitabu vingi nilivyoviona, injini ya boti huandikwa mara mbili: siku ya kununuliwa na siku ya kuharibika. Kati ya siku hizo mbili hakuna habari zake. Naomba kila injini iwe na daftari lake dogo, lenye namba ya injini kwenye jalada. Ndani yake iandikwe tarehe ya kubadilisha oili, rangi ya oili iliyotoka, kilichokutwa kwenye sumaku, tarehe ya kutoa rafadha, na kama palikuwa na uzi au hapakuwa. Atie sahihi nahodha, na atie sahihi mtu mwingine aliyeona kwa macho yake. Msiandike "imefanyiwa huduma." Maneno hayo hayamwambii mtu lolote. "Oili nyeupe kidogo, uzi umetolewa, sili haijabadilishwa" ni maneno ambayo kamati inaweza kuyafanyia uamuzi.

Hali kadhalika, kipuri cha zamani kirudishwe kwa katibu kabla ya malipo. Sisemi hivyo kwa kumshuku fundi. Sili iliyokatwa na uzi na sili iliyozeeka hazifanani, na anayeziona zote mbili atajua kama tatizo limekwisha au limeahirishwa. Fedha za sili, oili, impela na pini zitengwe katika makisio ya mwaka kabla ya mkutano mkuu, kwa jina lake, zisiingizwe katika fungu la "mengineyo," ambalo sote tunajua huliwa na nauli.

Wako watakaosema kwamba injini yenyewe si ya chama, bali ni ya mwanachama mmoja mmoja, hivyo daftari halituhusu. Kama ilinunuliwa kwa mkopo uliopita mikononi mwa chama, inatuhusu mpaka rejesho la mwisho. Mwanachama ambaye mguu wa injini yake umevunjika harejeshi mkopo, na wenzake ndio wanaobeba deni. Tena wavuvi wanaopotelewa na injini usiku, mbali na nchi kavu, hawawi wanachama wa mtu mmoja. Kijiji kizima huamka.

Ndugu Mwenyekiti, nje pale chini ya mti pana injini imefungwa kwenye mbao tangu jana jioni, nayo haijaguswa usiku wote. Naomba tutoke sasa. Mwenzetu mmoja kutoka chama cha wakulima, asiyewahi kushika injini ya boti, ailegeze skrubu ya chini, na ninyi wengine mtaje kinachotoka kwanza. Nimekuja na madaftari matupu ya kutosha kila chama, na ukurasa wa kwanza tutaujaza hapo hapo.